Moshi wa Baba Mkwe Unamwumiza Mwanangu, Nami Nimeshindwa Kusema

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 29, na ninaishi Tabata pamoja na mume wangu katika nyumba ya baba yake. Nimesoma safu yako kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja ningekuandikia, lakini jambo lililonipata mwezi uliopita limeninyima usingizi, na sina mtu wa kumweleza ambaye hatalifikisha kwenye familia kabla sijajua mimi mwenyewe ninataka nini.

Baba mkwe wangu ana miaka 68. Alifanya kazi bandarini kwa zaidi ya miaka 30, na anasema sigara alijifunza huko, kwenye zamu za usiku, ili asisinzie. Ni mtu mwema, Shangazi, na ninaomba ulishike hilo tangu mwanzo, isije barua hii ikasomeka kana kwamba nalalamikia mtu mbaya. Tulipooana mume wangu hakuwa na kazi ya kudumu, na mzee huyu ndiye aliyetupa vyumba viwili vya nyumba yake bila kutudai hata shilingi. Mimi nauza vitenge Kariakoo. Natoka saa 12 asubuhi na kurudi jua likiwa limekwisha kuzama, na kutwa nzima anayekaa na wanangu ni yeye, pamoja na binti anayetusaidia kazi. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 4. Mdogo ni wa kike, ana miezi 7, na babu yake hamwiti kwa jina, humwita "mchumba wangu".

Tatizo ni moshi. Baba huvuta sebuleni, hasa wakati wa taarifa ya habari ya saa 2 usiku, huku mdogo akiwa amelala mapajani pake na mkubwa akicheza kwenye mkeka miguuni. Huketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha na kugeuza uso ili apulizie nje kupitia wavu, lakini feni ya darini huurudisha ule moshi ndani, nami nikiwa mlangoni mwa jiko nauona ukishuka taratibu kwenye mwanga wa televisheni. Anakung'utia majivu kwenye kisahani chenye maua ya bluu, kilichobaki katika seti ya vikombe vya marehemu mama mkwe, na mwanangu mkubwa ndiye hukileta pamoja na kibiriti mara tu babu yake anapoketi. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaifanya kwa fahari. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba ameweka kijiti mdomoni, anakikung'uta kwa kidole cha shahada vile vile kama babu yake.

Mtoto huyo anakohoa usiku. Mwaka huu tumempeleka hospitali mara tatu akiwa amebanwa kifua, na mara ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Ilikuwa saa 8 usiku, kifua kinalia kama filimbi, na ngozi ya katikati ya mbavu inazama kila anapovuta pumzi. Mume wangu alikuwa safarini. Baba mkwe ndiye aliyetoka na kanzu yake ya kulalia kutafuta bajaji, na ndiye aliyempakata mtoto njia nzima. Hospitalini alivalishwa barakoa ya mvuke wa dawa, na alipotulia daktari akasema inaonekana ni pumu, kisha akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu anayevuta sigara?" Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi ubavuni mwangu, ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Nikajibu, "Hapana, daktari." Baba hakusema neno. Daktari akaandika.

Mume wangu aliporudi nilimweleza, akakasirika, na kilichomkasirisha hakikuwa uongo wangu. Alikasirika kwamba nimelitaja jambo lenyewe. Alisema yeye na ndugu zake watatu wamekulia katika moshi huo huo na wote ni wazima, kwamba Baba bado ana nguvu zake, na kwamba vumbi na magari ya Dar es Salaam ndiyo yanayowaumiza watoto. Kisha akatoka nje na hakula. Baada ya wiki nilijaribu tena, akaniuliza, "Sasa mzee huyo amebakiwa na nini?" Ni kweli kwamba mama mkwe alifariki miaka 6 iliyopita kwa ugonjwa wa kifua, yeye ambaye hakugusa sigara maisha yake yote, na tangu hapo Baba amekuwa mpweke. Lakini ninavyoona mimi, mume wangu anamjali baba yake kuliko watoto wake, na wazo hilo linanipeleka mahali pabaya.

Dada yangu anasema tuhame. Tumeulizia chumba na sebule mahali pawili, na kote wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, fedha ambayo hatuna, na hata tukiipata, sijui nani atabaki na watoto mchana. Mama yangu mzazi anasema baba mkwe haelekezwi na mke wa mwanawe, nivumilie. Mimi nimekuwa nikifungua madirisha na kuchoma udi kila usiku Baba akishakwenda kulala, ili harufu iondoke. Sasa na mdogo ameanza kutoa usaha sikioni, na sijui kama nalo linahusiana. Baada ya wiki tatu tunatakiwa kurudi kliniki, na Baba ameshasema atatusindikiza.

Nikisema, nitakuwa nimemdhalilisha mtu aliyenihifadhi. Nisiposema, kila jioni nitakuwa naangalia. Nisaidie, Shangazi.

Mama Wawili, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale pale, kwenye kile kiatu cha mtoto mkononi mwa babu yake. Umeniomba nishike tangu mwanzo kwamba huyu ni mtu mwema, nami nimeshika. Ndiyo maana jambo lako ni gumu. Angekuwa mtu wa kuudhi, ungekwisha kusema zamani. Unaishi kwa hisani yake, watoto wako wanalelewa na mikono yake, na mikono hiyo hiyo ndiyo inayoshika sigara. Unaona mwanao anaumia, na kila njia ya kumkinga inapita mbele ya heshima unayomwia mzee huyo. Juu ya hayo umebeba uongo mmoja uliousema usiku wa manane, na nadhani huo ndio unaokuamsha.

Basi nianze na huo. Uliulizwa swali mbele ya mtu ambaye jibu la kweli lingemvua nguo, saa chache baada ya yeye kukuokolea mtoto, nawe ukamfunika. Sikulaumu. Ila ni vizuri ujue kwamba daktari anapanga matibabu ya pumu kwa kufuata alichoambiwa. Akiamini kwamba nyumba haina moshi, anaweza kuongeza dawa au kutafuta sababu mahali ambapo haipo. Kilichoandikwa kinaweza kurekebishwa. Unaweza kumwomba muuguzi muda mfupi wa kuzungumza na daktari peke yako, na maneno yenyewe ni machache: "Siku ile niliona haya kusema, nyumbani mzee anavuta." Madaktari wa watoto wanakutana na jambo hili mara nyingi, na sidhani kama atakushangaa.

Sasa nikuulize kuhusu lile dirisha. Unaandika kana kwamba mzee hujitahidi na feni ndiyo inayoharibu. Kwamba anajitahidi ni kweli, lakini hata feni ikizimwa, jitihada hiyo haifiki mbali, kwa sababu moshi wa sigara hutoka sehemu mbili. Kuna ule anaouvuta kifuani na kuupuliza kupitia wavu, na kuna ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha inayowaka sigara ikiwa mkononi au imelala juu ya kisahani. Huu wa pili ndio ulio mwingi katika hewa ya chumba, haukupita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu, na kwa kipimo kile kile una sumu kali kuliko ule uliovutwa, kwa kuwa tumbaku inaungua polepole kwa moto hafifu. Mzee akigeuza uso, kisahani hakigeuki. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi huu kilicho salama kwa mtu asiyevuta, na kwamba kufungua madirisha, kusafisha hewa kwa mitambo au kuwatenga wavutaji ndani ya jengo lile lile hakuwakingi wengine. Ndani ya moshi huo kuna kemikali zaidi ya 7,000, na zinazojulikana kusababisha saratani ni kama 70.

Mtoto hapati sehemu sawa na mtu mzima. Anavuta pumzi haraka zaidi, njia zake za hewa ni nyembamba, na hawezi kusema "ngoja nitoke kidogo". Kwa mwenye pumu kama mkubwa wako, moshi huamsha shambulio na kulifanya kuwa zito zaidi, na kwa watoto wadogo kwa jumla huongeza nimonia na mkamba. Sikio la mdogo nalo umeuliza. Moshi wa sigara unajulikana kuongeza maambukizi ya sikio la kati, kwa kuwa hukera ule mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo, maji yakakwama ndani na kuoza. Sitakuambia kwamba usaha wa mwanao umetokana na hilo, maana watoto hupata ugonjwa huo hata katika nyumba zisizo na moshi. Nitakuambia tu usingoje wiki tatu, mpeleke sasa, na usimtie mafuta wala chochote sikioni kabla hajaonwa. Jambo jingine ninalisema kwa uzito bila kutaka kukutisha: kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, moshi wa tumbaku ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Mchumba wa babu ana miezi 7, na anasinzia mapajani ilipo sigara.

Kuhusu udi, mwanangu, naomba tuseme kweli. Udi unafunika harufu, na harufu ikifunikwa tunadhani moshi umekwisha, kumbe tumeongeza mwingine juu yake. Mabaki ya sigara nayo hushika pazia, mito ya makochi, shati la mzee na nywele za mtoto, yakabaki hapo baada ya hewa kuonekana safi. Nakuuliza pia: mnapikia nini? Kama jiko la mkaa huwashwa ndani au kwenye korido mvua ikinyesha, kama kuna dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, basi kifua cha mwanao kinapokea moshi kutoka pande nyingi, na baadhi ya pande hizo ziko mikononi mwako. Silisemi hili ili nigawe lawama. Nalisema kwa sababu huenda ndilo likakupa mlango wa kuingilia. Mke wa mwana akimwambia baba mkwe "acha", amemwelekeza. Akimwambia "Baba, daktari anataka moshi upungue ndani, mimi nimeacha udi na dawa ya mbu, jiko nimelitoa uani, naomba tusaidiane na hili lililobaki", hapo ameanza na nafsi yake. Mzee anaweza kukataa hata hivyo. Lakini atakuwa amekataa ombi, na ombi halina aibu kwa yeyote kati yenu.

Nije kwa mume wako, kwa sababu hapa nadhani umemsoma haraka. Umeandika habari ya mama mkwe kwa sentensi moja tu, katikati ya jambo jingine: alifariki kwa ugonjwa wa kifua, hakugusa sigara maisha yake yote. Umeiweka kama maelezo ya upweke wa Baba. Jaribu kuisikia kwa masikio ya mwanawe. Mkewe anapomwambia kwamba moshi wa Baba unawadhuru wanaokaa nao, yeye aliyemzika mama yake anasikia swali jingine kabisa, swali ambalo hakuna mtoto anayependa kuulizwa juu ya baba yake. Labda ndiyo maana alitoka nje na hakula. Sijui mama mkwe aliugua nini hasa, na hata daktari aliyemtibu huenda asingeweza kusema kilianzia wapi. Magonjwa ya kifua ni mengi na sababu zake ni nyingi. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 wasiovuta sigara, na wale walioolewa na wavutaji wakubwa walionekana kufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Tafiti nyingine zilifuata na kuonyesha vivyo hivyo, na leo hatari hiyo haibishaniwi tena na wataalamu. Nimekuandikia hayo ili uelewe uzito anaoukimbia mumeo. Nakusihi usiyapeleke nyumbani kama hoja. Hayo yakitamkwa mbele ya mzee huyo, hata kwa sauti ya chini, hayatarudi.

Hoja yake kwamba wote wanne wamekulia humo na ni wazima inajibika, lakini je, ungependa kuishinda? Angalia badala yake kama kuna siku mnayoweza kukaa wawili, bila kugusa yaliyopita, ukamwambia tu ulichokiona usiku ule alipokuwa safarini: saa ngapi ilikuwa, mbavu zilivyozama, bajaji ilivyochelewa kupatikana. Hakuwapo. Huenda hajaliona jambo hili kwa macho yako hata mara moja. Hatari ya njia hii ni kwamba inachukua muda, na mumeo akikataa kwa mara ya tatu utakuwa umebaki na uchungu zaidi ya ulio nao sasa.

Umeandika pia kwamba ukisema utamdhalilisha mzee. Mtu anayehamisha kiti chake karibu na dirisha na kugeuza shingo kila anapopuliza, mwanangu, tayari anajua kitu. Alikusikia ukimdanganya daktari kwa ajili yake, akanyamaza, na tangu hapo amesema atawasindikiza tena. Sijui ukimya ule ulikuwa na nini ndani yake. Unaweza kuwa ulikuwa nafuu, unaweza kuwa ulikuwa aibu, na inawezekana tangu usiku ule naye analala macho wazi, akingoja mtu alianze. Umechukulia kwamba heshima ni kumwachia asilisikie. Wazee wetu wengine huumia zaidi wakigundua kwamba nyumba nzima ilijua, ikajadili na kunung'unika, na wao wakafichwa kama wageni katika jambo la mjukuu wao.

Ikiwa utaona vema kuzungumza naye wewe mwenyewe, tenganisha maombi mawili ambayo watu huyachanganya. Kumwomba aache sigara ni ombi kubwa. Nikotini imemshika zaidi ya miaka 30. Akiikosa kwa saa chache mwili unaidai, anakuwa na hasira, hapati usingizi, na siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Huo si ukaidi wa uzee. Kumwomba asivutie ndani ni ombi dogo zaidi, halimnyimi sigara yake, linamhamisha tu kutoka sebuleni. Lakini nalo lina masharti yake ili lisije likawa dirisha jingine: iwe uani kabisa, mbali na mlango na madirisha, anawe mikono na kubadili shati kabla ya kumbeba mchanga, na iwe hivyo hata msimu wa masika, hata wakati wa taarifa ya habari. Mzee mpweke aliyezoea kuvuta akiwa amezungukwa na wajukuu anaweza kuliona jambo hilo kama kufukuzwa. Fikiria basi kama kuna kiti chake kizuri kinachoweza kutoka nje, kama redio inaweza kumfuata, kama mumeo anaweza kwenda kuketi naye kidogo huko.

Kisahani kile usikitupe wala usikifiche. Pengine wewe unakiona chombo cha majivu, na yeye anamwona mkewe.

Njia nyingine ni mtu wa kati. Hukutaja kama baba mkwe ana dada au kaka yake mkubwa, shangazi wa mumeo ambaye neno lake linasikika, au mzee mwenzake wa msikitini au mtaani. Desturi zetu zina nafasi ya mtu kama huyo, na maneno mengi ambayo mke wa mwana hawezi kuyatamka dada wa mzee huyatamka akinywa chai. Hatari yake unaijua kuliko mimi: akihisi kwamba habari za nyumba yake zimetoka nje kabla hajaambiwa yeye, utakuwa umepoteza kile kile ulichotaka kukilinda. Hata ukichagua njia hii, mumeo ajue kwanza.

Yupo pia daktari. Unaweza kumwomba, mtakapozungumza peke yenu, amwite babu ndani na kumweleza jinsi ya kumtunza mjukuu mwenye pumu, moshi ukiwa miongoni mwa mambo hayo, bila kumtaja kwa kidole. Maneno ya daktari hayana ukwe ndani yake. Mzee akiuliza habari za kuacha, hapo hapo anaweza kuelezwa kuhusu nikotini ya kutafuna na ya kubandika kwenye ngozi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na kuambiwa kwamba hata mwenye miaka 68 anafaidika: mwaka 1 baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Tatizo ni kwamba akigundua baadaye kuwa wewe ndiye uliyepanga mazungumzo, anaweza kuhisi ametegwa.

Kuhama sikukatazi na sikusukumi. Dada yako anaona mapafu ya watoto, na ana haki. Katika chumba na sebule yenu wenyewe mngeweka kanuni tangu siku ya kwanza. Ila hesabu yake ni pana kuliko kodi ya miezi 6. Kuna nani atakayekaa na watoto, na huyo mwingine anavuta au havuti, na mzee atabaki na nani katika nyumba ile. Hesabu upande wa pili pia: gharama za hospitali mara tatu kwa mwaka, siku za biashara ulizopoteza, na usiku kama ule. Mkifikia hapo, ni tofauti sana kuhama mkiwa mmekwisha kumwambia sababu na kuhama kimya kimya akaachwa akiitafuta mwenyewe. Serikali haitakusaidia katika hili. Tuna sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, inayoweka mipaka ya uvutaji katika maeneo ya umma na kukataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, lakini sebuleni kwa mtu haiingii.

Hapo kwenye umri nimekumbuka mkubwa wako na kibiriti. Hili unaweza kuligusa hata kesho, bila kikao cha familia. Mtoto wa miaka 4 anapenda kumhudumia babu yake, na kijiti mdomoni ni mapenzi hayo hayo. Mpe kazi nyingine ya fahari wakati ule ule wa jioni: awe ndiye anayepeleka miwani ya babu, au kofia yake, au kikombe cha chai ambacho hakijajaa sana. Kibiriti kihamie mahali pa juu, jambo ambalo mama yeyote anaweza kulifanya na kusema ni kwa sababu ya moto.

Kuna wiki tatu mbele yako, na hulazimiki kuzitumia zote kwa kuamua. Zungumza na mumeo ikiwa moyo unakuruhusu. Mwangalie mzee jioni mbili tatu, uone kama naye anakuangalia. Siku ya kliniki, mkiwa njiani ndani ya bajaji, mtoto akiwa katikati yenu, huenda ukajikuta unataka kumwambia hivi tu: "Baba, leo daktari akiniuliza tena, ningependa nimjibu kweli. Wewe unaonaje?" Usipoweza, hujafeli. Mlango wa chumba cha daktari utakuwa wazi, naye anaweza kungoja nje na kiatu cha mtoto mkononi wakati wewe unazungumza.

Niandikie ulivyoona, na sikio la mdogo limesemaje.